Fildi ya chai nilipata A, ya kusuka mota nikapata C

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nafasi yenyewe ndogo na mi maneno yangu mengi ila kata popote utakapoona pamezidi, cha muhimu hoja iwafikie mabosi wa maofisi na viwanda vya hapa Dar kabla hatujaanza kumiminika milangoni kwao. Maana ndo msimu wenyewe huu. Mitihani ikiisha tu mtatuona kwenye mwendokasi na daladala, mashati meupe, bahasha ya kaki mkononi, huyu anashuka Posta, yule Kamata, wengine wanaunga mpaka viwanda vya Chang'ombe na kule barabara ya Pugu, wote tunaomba fildi.

Mi nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa hapa mjini nisikitaje. Kozi yetu ni miaka minne, na mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu ukiisha unatakiwa uende mafunzo ya vitendo wiki nane, chuoni tunaita PT, mtaani fildi. Ni somo kama masomo mengine, lina maksi na lina kufeli. Mpaka sasa nimeshaenda mara mbili, na kilichonifanya nishike kalamu ni matokeo ya hizo mara mbili.

Ya kwanza niliipata kwa mgongo wa shemeji yangu. Ofisi kubwa katikati ya mji, jengo refu, lina transfoma yake, lina jenereta lake kubwa chini, lifti tatu, chumba cha seva, viyoyozi kila ghorofa, yaani kwa mwanafunzi wa umeme lile jengo ni maktaba. Siku naanza, mzee wangu alinipigia shati pasi kwa mkono wake mwenyewe, mtu ambaye sijawahi kumuona ameshika pasi maishani. Nikafika saa moja na nusu asubuhi, nikakabidhiwa kwa dada wa mapokezi, dada akanipeleka kwenye mashine ya fotokopi, akanionyesha inavyowashwa, basi, hapo ndo palikuwa kituo changu cha kazi.

Nilitoa kopi mpaka nikawa natambua kwa mlio tu kwamba karatasi inataka kukwama. Saa nne napika chai, na hapa lazima niseme ukweli chai nilikuwa naipika vizuri, nilijua nani anakunywa ya rangi nani ya maziwa, bosi wa ghorofa ya nne sukari kijiko kimoja na nusu, mpaka leo nakumbuka. Chumba cha jenereta kilikuwa na kufuli na mlinzi aliniambia kijana usisogee hapo utatuletea kesi. Siku moja umeme ukakatika, zikapita sekunde chache, jenereta likajiwasha lenyewe, taa zikarudi, na mi mwanafunzi wa umeme nipo jikoni naosha vikombe nasikia muungurumo tu kwa mbali. Nikatamani kujua, hivi lile jenereta linaambiwa na nani kwamba umeme wa gridi umekatika, na umeme ukirudi linajuaje kuachia, na kitu gani kinazuia umeme wa jenereta na wa gridi visikutane? Nikamuuliza fundi alivyokuja kuongeza dizeli, akacheka, akasema hayo utasoma mbele ya safari, hebu niletee maji ya kunywa.

Logibuku, daftari la kuandika kazi ulizofanya fildi, unatakiwa ujaze kila siku. Neno nimeshiriki limenisaidia sana kwenye hiyo logibuku. Nimeshiriki ukaguzi wa jenereta, maana yake nilimletea fundi maji. Nimeshiriki matengenezo ya vifaa vya ofisi, maana yake karatasi ilikwama. Wiki ya sita lecha akaja kunikagua, alikaa kama robo saa, akanywa chai ambayo nimeipika mimi, akamuuliza supavaiza wangu vipi huyu kijana, akajibiwa ana adabu sana. Nikapata A.

Naomba kidogo niseme tunachosoma, maana nahisi wengi hawajui na ndo chanzo cha haya yote. Mtaani kwetu Kimara nikisema nasoma umeme, jirani anakuja na pasi yake haipati moto, mwingine friji, mwingine anataka nimuongezee soketi chumbani, nikisita wanaangaliana, huyu si wa chuo huyu. Hata vishoka wanaounganishia watu umeme kwa wizi usiku wananicheka. Ukweli mwaka wa kwanza karibu wote ni hesabu, kalkulasi, matriksi, fizikia, kuchora, programu kidogo kwa lugha ya C. Ukitoka PCM unadhani umemaliza hesabu kumbe ndo kwanza unabisha hodi. Mwaka wa pili zinaingia sakiti, elektroniki, mashine za umeme, mawimbi, na huko ndo unakutana na Fourier na Laplace, wafaransa wawili wa hesabu waliokufa zamani ambao wameshawakamatisha watu wengi sana sapu, yaani mitihani ya marudio, kuliko lecha yeyote. Unakesha, unapiga msuli na madesa ya miaka kumi nyuma, feni ya hosteli inazunguka juu yako na huna habari kwamba lile swali la mashine unalokokotoa ni hiyo hiyo feni.

Na siungi mkono wanaosema hesabu zipunguzwe. Kuna watu kila mwaka wanaandika kwenye magazeti kwamba vyuo vinafundisha nadharia tu, leteni vitendo, kama vile hivi viwili vinagombania kiti kimoja kwenye daladala. Hesabu sio tatizo. Tatizo letu ni kwamba mtu anaweza kukokotoa mkondo wa kuwashia mota kwa sta-delta, yaani koili zinaanza zimeungwa kwa mtindo wa sta halafu zinahamia wa delta, akapata jibu sahihi kabisa kwamba unashuka mpaka theluthi moja ya ule ambao mota ingevuta ikiwashwa moja kwa moja, akapewa maksi zote, halafu ukimuonyesha paneli yenyewe ya sta-delta ukutani anauliza hili boksi la nini. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Ya pili sasa. Shemeji alikuwa amehamishiwa mkoani, mgongo umeondoka. Nilipeleka barua ofisi kumi na moja, nyingine waliipokea walinzi getini na sijui kama ilivuka hilo geti. Zimebaki siku nne PT ianze sina pa kwenda, mama mmoja muuza vyakula karibu na chuo akaniambia mume wa dada yake ana karakana ya mota Gerezani, nenda kamuone.

Karakana yenyewe ni bati na nguzo za chuma, sakafu nyeusi kwa oili, mota zimepangwa mpaka nje barabarani, za mashine za kusaga, pampu za visima, za viwandani, nyingine kubwa kama pipa. Namuita Mzee tu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia shati, akauliza, wewe una umeme wa kichwa au umeme wa mkono? Nikasema wa kichwa. Akasema haya vua hilo shati.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa navua waya zilizoungua kwenye stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, yenye mifereji tunayoiita sloti ambamo koili zinalala. Kazi hiyo watu wanaiona ya kijinga ila ndo mota yote iko hapo, maana unavyovua unahesabu, koili ina mizunguko mingapi, waya unene gani, imeingia sloti ya ngapi ikatokea ya ngapi, imeungwa na ipi, unaandika kwenye daftari, ukikosea kuhesabu umeua mota ya mtu. Halafu unasafisha, unakata karatasi za inshulesheni unazipanga kwenye sloti, unasuka koili mpya kwa kopa mpya, unafunga kwa uzi, unapima na mega kama kuna mahali umeme unavuja kwenda kwenye bodi, ndo vanishi inafuata, inakaushwa, unapima tena. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka usiku.

Siku moja Mzee anasuka mota ya sloti 36, poli nne, yaani ncha nne za sumaku, nikamuuliza kwanini koili inatoka sloti ya 1 inaingia ya 9, akasema ndo inavyokuwa, nilifundishwa hivyo na mimi. Usiku nikarudi kwenye madesa. Sloti 36 ukigawa kwa poli nne ni tisa, kwa hiyo koili iliyonyooka ingetoka 1 ikaingia 10, wao wamefupisha kwa sloti moja. Nikakaa nikakokotoa kwa ile fomula niliyoikariri semista iliyopita bila kujua ni ya nini, ikatoka kwamba kwa kufupisha vile unapoteza nguvu kama asilimia moja na nusu tu, ila wimbi la tano, lile chafu linaloitia mota joto na kelele, linapungua kwa zaidi ya theluthi. Na kopa ya kichwani inakuwa fupi, unaokoa waya. Nilivyomwelezea asubuhi alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akasema aliyenifundisha mimi alikuwa mhindi mmoja, hakuwahi kuniambia hilo, kumbe alikuwa ana sababu. Mhariri siku ile nilijiona nimefaulu kitu.

Ila iliyonikaa zaidi ni ya mama mmoja wa Mbagala mwenye mashine ya kusaga. Mota yake imeungua mara ya tatu ndani ya mwaka, mafundi wawili wa mwanzo walisuka wakamwambia tatizo kopa za siku hizi feki, akalipa, ikaungua tena. Akaja analia kabisa. Mzee akafungua, akaangalia ndani kama dakika moja hivi, akaniita. Dogo unaona nini? Nikasema imeungua. Akasema hilo hata mama analiona. Angalia vizuri. Nikaangalia, koili za kundi moja nyeusi tii kama mkaa, kisha makundi mawili yamebaki na rangi yake ya vanishi, hazijaguswa, zimepishana hivyo hivyo duara zima. Akasema hapa umeme wa njia tatu umepotea njia moja, mashine imejaa mahindi, mota inaguna haizunguki, mama anadhani imekwama anaisubiri. Hii imeungwa delta, ingekuwa sta yangeungua makundi mawili likabaki moja.

Nikachukua chaki nikachora delta kwenye sakafu. Njia moja ikikatika zinabaki mbili, koili moja inapata umeme wote peke yake, zile mbili nyingine zinabaki zimefuatana kama foleni kwa hiyo zinagawana, mkondo wao unakuwa nusu. Na joto linakwenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ile moja inapata joto mara nne ya mwenzake. Mara nne! Hesabu ya mistari mitatu, ya mwaka wa kwanza. Mzee alikuwa anajua jibu kwa macho miaka yote hiyo, na mi nilikuwa na fomula bila kujua kuna swali, tukakutana pale sakafuni kwenye oili.

Tukaenda mpaka Mbagala. Kwenye paneli ya mama tukakuta ovalodi, kile kifaa cha kuzima mota ikivuta umeme kupita kiasi, imefungwa kwa kipande cha waya isikate, kishoka mmoja alimfanyia ili mashine isimsumbue kuzima zima, na kwenye meinswichi fyuzi ya njia moja mguu wake umelegea una weusi wa moto. Ndo ugonjwa wote huo. Sio kopa feki wala nini. Tukabadilisha kishikio cha fyuzi, tukaweka ovalodi nyingine tukaiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, tukamshauri anunue na kile kifaa cha kulinda fezi kinachozima chenyewe njia moja ikipotea. Mota inazunguka mpaka leo nauliza kila nikipita kule.

Kwenye kibati hicho hicho pia niliona mizunguko 1,440 kwa dakika. Umeme wetu ni hetsi 50, poli nne, sumaku yake inazunguka 1,500, tofauti ni 60, asilimia nne, hiyo ndo slipu, kitu nilichokiandika kwenye mtihani mara sijui ngapi. Nilikishika kile kibati kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma.

Haya, maksi. Fomu ya PT inataka cheo cha supavaiza, elimu yake, sahihi na muhuri. Mzee hana muhuri, ikabidi akachonge Kariakoo kwa ajili yangu, aliulipia mwenyewe akagoma nisichangie. Elimu, darasa la saba. Lecha alipokuja alisimama nje kwa sababu ya oili, akauliza hapa kuna injinia yeyote, akaambiwa hakuna, akaondoka. Logibuku yangu ina michoro ya koili kurasa nyingi na madoa ya vanishi, ikarudi imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba kazi zilizofanyika ni za fundi mchundo, sio za mhandisi. C.

Kwa hiyo chai A, mota C. Sasa niambieni mwaka huu mdogo wangu wa mwaka wa kwanza akiniuliza aende wapi nimjibu nini.

Wa kompyuta nao wana lao. Rafiki yangu anasoma uhandisi wa kompyuta, kichwa hasa, anaandika programu ya kuendesha maikrokontrola, zile kompyuta ndogo za chipu moja, moja kwa moja kwenye rejista wala haoni shida, alipelekwa ofisi moja wiki nane zote anaweka Windows na kubeba printa kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tano. Seva hakuziona hata mlango. Wao wanadhani uhandisi wa kompyuta ni kutengeneza kompyuta za ofisi, kama sisi wa umeme ni wa kubadilisha balbu. Alivyo na roho nzuri aliwaandikia kiprogramu cha kuhesabu wino wa printa, wakakifuta alivyoondoka.

Najua mabosi mna yenu ya kusema na mengine ni kweli. Umeme unaua, mwanafunzi akigusa pasipogusika lawama ni yenu. Wengine wetu tunakuja kushika simu kutwa, tunachelewa, tunaomba ruhusa za misiba isiyokuwepo, nimewaona. Na wiki nane ni chache, fundi wako akianza kumfundisha mtu ndo huyo anaaga. Sawa. Lakini jamani kumuacha kijana asimame pembeni ya fundi huku umeme umezimwa na kufuli la usalama limewekwa kuna hatari gani? Kumpa mchoro wa umeme wa jengo siku ya kwanza akaambiwa zunguka jengo zima uniambie wapi mchoro unadanganya, hiyo haina gharama hata shilingi, na nakuhakikishia utadanganya sehemu nyingi, na wewe bosi utafaidika. Mpe kusoma mita kila asubuhi aandike, mwisho wa wiki akuambie umeme wenu unaishia wapi. Chai tutapika, hatukatai chai, ila iwe chai na kitu.

Na vyuo, tafadhali, lecha akija asiulize kama nina adabu. Aniulize maswali matatu kuhusu nilichofanya jana. Ningeulizwa maswali matatu tu mwaka wa kwanza ningepata F na ingekuwa haki yangu. Na mafundi kama Mzee watafutiwe namna ya kutambulika kwenye hizo fomu, isiwe mpaka mtu mzima akachonge muhuri kwa ajili ya mtoto wa watu halafu muhuri wenyewe udharauliwe.

Wapo watakaosema utajifunza ukishaajiriwa. Ni kweli hata ukimaliza digrii hujawa mhandisi kamili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina ule mpango wake wa SEAP, miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu ndo unasonga kwenda kusajiliwa. Ila hiyo miaka mitatu nayo inahitaji ofisi ya kukupokea, na ofisi ni hizi hizi. Mjomba wangu alisoma chuo cha ufundi cha Dar Tech enzi za cheti cha FTC, pale pale ilipo taasisi ya teknolojia ya DIT leo, anasema walipewa kipande cha chuma na tupa wakaambiwa kisugue mpaka kiwe bapa, wiki nzima, wakilalamika wanaongezewa kingine. Anacheka akisimulia ila mikono yake inajua chuma. Siku hizi treni inatoka Stesheni hapo inavuta volti 25,000 kwenye waya wa juu, bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na kila mmoja una stata yenye koili ndani yake, kubwa kuliko sebule yetu, ambazo siku moja zitahitaji mtu wa kuziangalia ajue ipi inaanza kuchoka.

Mwaka huu nimepeleka barua sehemu saba. Mbili zimejibu hazina nafasi, moja wameniuliza kama najua Excel, nne kimya. Jana nimepita Gerezani kumsalimia Mzee, ana mota ya hospawa 50 imetoka kiwandani, imeungua makundi yote matatu sawasawa, hajui kwanini na mimi sijui, ameniwekea haijavuliwa mpaka niende Jumatatu.

Mwanafunzi wa umeme,
Kimara, Dar es Salaam